Picha Yenye Uzi

Kandida aliikuta picha yake kwenye chupa ya dawa Jumapili moja baada ya misa. Chupa ilikuwa mezani kwa mama yake, kijijini Bonga, nje ya mji wa Babati, katikati ya kikombe cha chai na rozari. Akaichukua, akaigeuza, akaisogeza dirishani. Duara la buluu katikati, pete nyekundu imelizunguka, na kwa nje utando mwembamba wa rangi ya dhahabu. Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Mzazi hamsahau mtoto wake hata akimkuta kavalishwa nguo za jirani.

Juu ya picha kulikuwa na herufi kubwa: MAFUTA YA NURU. Chini yake: Hili ni jicho lililopona.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Siku hizi watoto hawaamkii?"

"Shikamoo mama. Hii umeitoa wapi?"

"Marahaba. Nimenunua sokoni, kwa Dokta Sosthenes. Usiitikise hivyo, itapoteza nguvu."

Itapoteza nguvu! Kandida aliirudisha chupa mezani taratibu, maana aliona wazi kwamba akiendelea kuishika ataivunja ukutani.

"Na matone yako ya hospitali?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Kabatini."

"Tangu lini yapo kabatini?"

Mama akakoroga chai ambayo alishaikoroga. "Tangu tuvune mahindi," akasema.

Hapo lazima nieleze, ili mtu asije akadhani huyu binti alikuwa na kisirani cha bure. Mama Kandida, jina lake la ubatizo Emerensiana, alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo ni mwizi mwenye adabu. Hauumi, hauwashi, hautoi machozi. Unakula macho kuanzia pembeni, kidogo kidogo, na ulichokwisha kula haukirudishi, uende Babati, uende Dar, uende Ulaya. Dawa yake ni matone ya kila jioni, na kazi ya yale matone ni kuuzuia tu usile zaidi. Hayamfanyi mtu aone vizuri kuliko jana. Ndiyo maana watu huyachoka. Nani anapenda dawa inayochoma jicho halafu haileti chochote?

"Hii ya Dokta haichomi," Mama akasema. "Halafu ana ushahidi. Wewe si unafanya kazi ya eksirei? Mtu akivunjika mguu mnamwonyesha picha, naye anaamini. Mimi nimeonyeshwa picha ya jicho. Nisiamini kwa nini?"

"Mama, hilo si jicho. Hiyo ni picha yangu. Hiyo ni nyota iliyokufa!"

"Haya," Mama akajibu, kwa ile sauti ya mtu anayemwachia mtoto aseme mpaka achoke.

Na kweli ilikuwa nyota iliyokufa. Kandida alikuwa mpiga eksirei wa siku nyingi, na nyumbani kwake Singe alikuwa na darubini aliyouziwa na Wolfgang, Mjerumani aliyekuja kufundisha kwao hospitalini, ambaye alipofika wakati wa kurudi kwao aliona gharama ya kuisafirisha inazidi darubini yenyewe. Majirani walimwona kituko. Mwanamke mzima, badala ya kufuga kuku, anapiga picha giza! Lakini Kandida alishazoea kazi ya kuonyesha kile ambacho jicho haliwezi kuona, na kwake mfupa ndani ya nyama na gesi katikati ya nyota ilikuwa kazi moja.

Mji wa Babati siku hizi una taa kila kona, na taa ni adui wa mawingu ya gesi ya huko kwenye nyota. Basi alikuwa akitumia filta, vioo vidogo vya mviringo ambavyo kila kimoja kinapitisha mwanga wa gesi moja tu na kuufungia mlango mwanga mwingine wote. Kimoja cha haidrojeni, kimoja cha oksijeni, kimoja cha salfa. Taa ya jirani ikajiwakie inavyotaka, haipiti. Kila filta inatoa picha nyeusi na nyeupe, hafifu, na zinatakiwa picha nyingi mno zipangwe moja juu ya nyingine kwenye kompyuta ndipo wingu lijitokeze. Mwishoni unaipa kila gesi rangi yake. Kandida aliipa haidrojeni nyekundu, oksijeni buluu, salfa dhahabu. Lile wingu la mviringo ni gesi ambayo nyota ilijivua wakati wa kufa. Kiangazi kilichopita alihangaika nalo tangu mwezi wa nane mpaka mvua za kwanza, na nia yake ilikuwa moja: amtengenezee mama yake picha kubwa ya ukutani, aione angali anaona.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nyumba ya Emerensiana, kama nyumba yoyote yenye heshima, haina kitu kilicho uchi. Televisheni ina kitambaa cha kufuma, redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, kochi lina vitambaa vitatu. Vyote alifuma mwenyewe. Siku moja alikwenda kumtembelea binti yake Singe, akakuta kamera mezani imeachwa wazi. Kandida alikuwa akibadilisha filta, akaitwa mlangoni. Mama akaona kitu cha thamani kinakula vumbi. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa kipya alichokuwa amekimaliza asubuhi ile, akaifunika kamera.

Kumbe kipande cha uzi kikadondoka ndani, kikakaa juu ya kile kioo kinachonasa mwanga. Kandida aligundua baadaye sana. Kwenye kila picha, juu kidogo ya duara, kulikuwa na kivuli cha uzi uliojikunja, na mwishoni fundo. Akamwonyesha mama yake kwenye kompyuta, picha ikiwa bado nyeusi na nyeupe, na Mungu amsamehe, alimfokea.

"Nimeifunika isipate vumbi," Mama alisema. "Ndiyo shukrani?"

Kandida alijitahidi kuufuta ule uzi kwa ujanja wa kompyuta. Akadhani umetoka. Akapeleka faili kwa Zabron mwenye steshenari karibu na stendi, wakaichapa kubwa, na ilipotoka kwenye mashine, fundo lile pale, linamkodolea macho. Akaikunja, akaisukuma chini ya kitanda. Alipoulizwa na Mama akasema haikutoka vizuri, mwaka ujao atapiga nyingine.

Tangu siku hiyo Mama hakuulizia tena nyota.

Basi Jumatatu asubuhi Kandida alipanda bajaji moja kwa moja mpaka kwa Zabron, hata salamu hakusubiri.

"Zabron, picha yangu umempa nani?"

"Shikamoo dada Kandida. Picha ipi tena?"

Akamwekea chupa mbele ya pua. Zabron akaitazama, akaikuna kwa kucha, akatabasamu. Alitabasamu, jamani!

"Ah, hii! Alikuja mteja, anatafuta picha ya jicho. Nikamtafutia kwenye mashine, nikaikuta. Mbona imetoka bomba?"

"Zabron, mimi nilikuletea jicho?"

"Si jicho hili dada? Mimi siku zote nilijua ni jicho. Wewe si wa hospitali?"

"Na jina langu lililokuwa kwenye faili?"

"Nikajua ni jina la mgonjwa."

Kuna watu huwezi kugombana nao, maana hasira yako inawapita kama maji juu ya bati. Kandida alitoka pale na hasira zake zote. Si kwa ajili ya picha tu. Ingekuwa picha imeibwa kwa ajili ya kalenda, au kanga, au tangazo la baa, angelalamika kidogo na yangeisha. Lakini kazi yake, usingizi wake, zawadi ya mama yake, vimechukuliwa, na ndivyo vilivyomshawishi mama huyohuyo aache dawa! Hivi mtu unalipokeaje jambo kama hilo? Unalimeza vipi?

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda Bonga.

"Mama, twende sokoni. Ukanisikie mimi na huyo Dokta wako, mbele ya watu."

"Twende," Mama akasema, akajifunga kitenge kipya. "Na wewe umsikilize. Pengine utajifunza."

Sosthenes alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda, maiki mkononi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa. Nyuma yake bango refu kuliko mtu, na kwenye bango ile nyota, imekuzwa hata chembe zake zinaonekana. Akina mama walikuwa wamejaa, wengine na wakwe zao, wengine na vikapu vya nyanya. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilikuwa na spika mbili.

"Daktari," Kandida akasema kwa sauti. "Hiyo picha ni yangu."

Watu wakageuka. Sosthenes hakubabaika hata kidogo.

"Karibu dada yangu. Yako kivipi? Jicho ni lako?"

Kicheko. Kandida akafungua kompyuta yake juu ya meza ya muuza viazi. Alikuwa amejiandaa usiku kucha. Alijiambia kwamba ukweli hauhitaji kelele, unahitaji kuonyeshwa, kwa hiyo alikuja na picha za mwanzo kabisa, zilivyotoka kwenye kamera, ili kila mtu aone kazi ilivyoanza.

"Tazameni. Hii ni haidrojeni peke yake. Hii ni oksijeni. Nimepiga mwenyewe, Singe, uani kwangu."

Akina mama wakasogea, wakainama. Wakaona kijivu. Doa la kijivu kwenye weusi, kama moshi wa kuni mbichi.

"Mbona haina rangi?" akauliza mmoja, jina lake Rose, wa jumuiya moja ya kanisani na Mama Kandida.

"Rangi niliweka baadaye," Kandida akajibu.

Ewe Kandida! Kwenye eksirei hakuna aliyewahi kumuuliza kama kweli mfupa ni mweupe. Akasahau kwamba sokoni si chumba cha eksirei. Sosthenes alilidaka lile neno kabla halijagusa chini.

"Mmesikia wenyewe! Rangi kaweka! Kapaka mwenyewe kwa mkono wake! Halafu anakuja kuniita mimi mwongo. Mama zangu, mashine yetu ikipiga jicho, kwanza linatoka jeusi na jeupe, kama eksirei. Huyu dada ameziiba picha zetu za mwanzo!"

"Mimi nimeiba?" Sauti ya Kandida ilipanda mpaka ikapasuka. "Mimi? Hiyo ni nyota!"

"Nyota? Haya, tuonyeshe. Ipo wapi?"

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Na watu, bila haya, wakatazama juu. Wakacheka mpaka muuza viazi akajifuta machozi. Kandida alisimama katikati yao na kompyuta yake wazi, na jambo lililomuuma kuliko yote ni kwamba Mama naye alikuwa ameinamisha uso. Alikuwa anamwonea aibu binti yake.

Laiti Sosthenes angeishia hapo, angeondoka na mji mzima mfukoni. Lakini mwongo akishashangiliwa hajui kunyamaza. Akachukua fimbo, akagonga bango sehemu ya juu.

"Na huu hapa, mama zangu, mnauona? Huu ni mshipa. Ulikuwa umeziba, mafuta yakaufungua. Nyota ina mshipa?"

"Haina!" watu wakaitikia.

"Uko wapi huo mshipa?" Mama Kandida akauliza.

Sosthenes akashuka mwenyewe kwenye kreti, akamshika mkono kwa heshima zote. "Njoo mama yangu, njoo uone kwa macho yako."

Mama akasimama mbele ya bango. Watu wenye macho ya namna ile hawatazami kitu mara moja chote. Wanakitafuta kipande kwa kipande, kichwa kikigeuka polepole. Alitafuta, akakosa, akatafuta tena. Kisha akaweka kidole kwenye ule uzi, akaufuata. Ukajikunja, akajikunja nao. Kidole kikafika mwisho, kikasimama.

"Na hili ni nini?"

"Hapo ndipo palipokuwa pameziba, mama."

"Hili ni fundo."

"Ndiyo, kama fundo hivi."

"Si kama. Ni fundo. Nimelifunga mimi."

Sosthenes akacheka. Alicheka peke yake, maana Rose alishaanza kusogea. Lazima mjue kwamba Emerensiana anafuma kwa mkono wa kushoto, na uzi ukiisha anaufunga kinyume na watu wote, mara mbili, ukabaki na masikio mawili marefu yanayochungulia. Pale jumuiya walishamtania miaka. Wakisaidiana kufua vitambaa vya arusi, mtu akigusa masikio yale anasema, hiki cha Mama Kandida. Na nusu ya wale akina mama waliosimama pale walikuwa na kitambaa chake kwenye kochi.

Rose akatazama kwa karibu, mkono kiunoni. "Ala! Masikio haya! Si ndiyo haya yaliyo kwenye televisheni yangu?"

"Hata kwangu yapo," mwingine akasema.

"Dokta, uzi wa Mama Kandida umeingiaje kwenye jicho la mtu?" Rose akauliza.

"Kamera ya mwanangu ilikuwa uchi," Mama akasema. "Niliifunika kwa kitambaa. Uzi ukadondoka ndani. Akanionyesha, akanifokea, na mimi nikanuna. Huu uzi ninaujua kama ninavyojua vidole vyangu." Akamgeukia Sosthenes, akamtafuta kwa kichwa mpaka akampata. "Wewe kijana. Mimi nimepaka nini machoni mwangu tangu tuvune mahindi?"

"Mama yangu, tusikilizane..."

"Usiniite mama yako! Mama yako ungempaka? Nimekuuliza, nimepaka nini?"

Sosthenes akatupa jicho barabarani. Alikuwa anajua? Sidhani. Nadhani hata hilo hakujali kulijua. Chupa zikaanza kurudi, nyingine kwa mkono, nyingine kwa kurushwa, na koti jeupe likapata rangi zake bila filta yoyote. Njia ya mwongo ni fupi, ila siku ile ilitosha kupitisha bodaboda. Akaruka juu yake akakimbia, maiki bado mkononi, bango akaliacha.

Kandida aliifunga kompyuta. Alijiona ameshinda. Akamsogelea mama yake, akitegemea nini sijui, pengine kukumbatiwa.

"Na wewe," Mama akasema.

"Mimi nimefanya nini?"

"Uliniambia picha haikutoka."

"Ilitoka na uzi, mama. Iliharibika. Niliona aibu kukupa."

"Uzi wangu ndio uliona aibu nao. Ukaificha." Machozi yalikuwa yanamtoka, na ilikuwa hasira, wala si kitu kingine. "Ungeitundika sebuleni kwangu, hata na huo uzi, siku ya kwanza nilipofika hapa sokoni ningesema, hii ni picha ya Kandida. Nisingenunua hata chupa moja."

Kandida alikuja sokoni na hasira za kumtosha Sosthenes, na Zabron, na mji mzima, na sasa hakujua aziweke wapi.

Wiki ile alimpeleka kliniki ya macho. Walipima jicho la kulia, wakasema limeumia kidogo, matone yakirudi litabaki. Walipima la kushoto, wakapima tena, halafu daktari akavua miwani yake na kuanza kuongea polepole. La kushoto lilikuwa limekwenda. Mama aliitikia kwa kichwa, akauliza kama anaweza kuendelea kufuma.

Jioni Kandida alikwenda Bonga na nyundo, misumari, na picha aliyoivuta kutoka chini ya kitanda. Alikuwa amemuahidi nyingine, safi, kiangazi hiki hiki. Mama hakutaka kusikia. Alikaa kwenye kochi lake, pale anapokaa siku zote, televisheni ikiwa kushoto kwake, upande wa jicho lililokwenda.

Kandida akaishikilia juu ya televisheni, katikati ya ukuta, mahali pa heshima.

"Hapo siioni. Sogeza kulia."

Akasogeza.

"Bado. Sogeza."

Akapita dirisha, akapita kalenda ya parokia.

"Bado, mwanangu."

Ukuta ukamwishia. Akageuka, akaishikilia kwenye ule ukuta mdogo wa pembeni, nyuma ya mlango, chini ya swichi ya taa, mahali ambapo hakuna mtu mwenye macho mawili angetundika kitu.

"Hapo," Mama akasema. "Hapo naiona yote. Hata fundo."

Kandida akapigilia msumari. Aliupiga kwa nguvu kupita kiasi, mpaka plasta ikapasuka, na Mama hakumwambia aache.